Meneja wa chapa mwenye GMAT 605: nina nafasi gani ya kudahiliwa MBA?

Mwanasoko anauliza:

Wakuu, salaam. Naomba tathmini yenu ya kweli, hata kama itauma, kwa sababu imebaki miezi mitano kabla ya awamu ya kwanza ya maombi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, kufungwa mwezi Septemba, na ningependa kuitumia mahali ambapo juhudi yangu bado inaweza kubadilisha kitu.

Nina umri wa miaka 29 na uzoefu wa miaka sita katika masoko. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa katika wakala wa matangazo, nikihudumia wateja wawili wakubwa. Minne iliyofuata nimekuwa katika kampuni inayotengeneza bidhaa za usafi wa nyumbani, ambako nilianza kama afisa masoko na sasa ni meneja wa chapa moja ya sabuni ya kufulia. Nina wasaidizi wawili chini yangu, na bajeti ya matangazo ya chapa hiyo naipanga mimi, ingawa kila matumizi makubwa hutiwa saini na mkurugenzi wa masoko.

Shahada yangu ya kwanza ni ya biashara, nayo niliimaliza kwa GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 katika mizani ya 4. Kuna doa ambalo sitaki kulificha: katika mwaka wa pili nilipata C ya takwimu na C nyingine ya uhasibu wa gharama. Ule ndio mwaka niliokuwa nikifanya kazi kila jioni ili nijilipie ada, lakini cheti hakisemi hivyo, kinaonyesha herufi tu.

Mtihani wa GMAT, ule wa kuombea vyuo vya biashara, nimeufanya mara moja na kupata 605, yaani hesabu 76, lugha 85 na uchambuzi wa data 79. Vyuo ninavyovifikiria ni Kellogg ya Marekani, kwa sababu ya jina lake katika masoko, London Business School, INSEAD ya Ufaransa, na Harvard kama ndoto. Lengo langu ni kurudi kazini nikiwa kiongozi wa masoko katika kampuni kubwa ya kimataifa, na baadaye kuwa mkurugenzi wa masoko.

Kazi ninayojivunia zaidi ni kampeni ya kuizindua upya chapa yetu, ambayo video yake ilitazamwa zaidi ya mara milioni mbili na kutuletea tuzo ya ndani ya kampuni. Ndiyo niliyopanga kuijengea insha zangu. Vilevile mwaka jana nilisimamisha ofa yetu ya kununua mbili na kupewa ya tatu bure katika kanda mbili, jambo lililoleta mvutano kidogo na watu wa mauzo, lakini hilo sidhani kama lina uzito katika maombi ya chuo.

Maswali yangu ni haya. Je, ni kweli kwamba kamati za udahili huwaona watu wa masoko kuwa wepesi? Je, nirudie mtihani au nguvu zangu niziweke kwenye insha? Na zile C mbili, je, zimekwisha kunifungia mlango?

Nanga anajibu:

Ndugu Mwanasoko, ahsante kwa kuweka kila kitu wazi, maana wengi huuliza swali hili huku wameficha nusu ya alama zao. Mimi nilitoka kwenye masoko nikasoma MBA ya miaka miwili, na tangu nilipohitimu nimekuwa nikiwasomea wenzangu maombi yao karibu kila msimu, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mtu aliyekaa na rasimu nyingi, nzuri na mbaya.

Naomba nianze na lile ulilolitaja mwishoni kana kwamba halina maana. Ofa uliyoisimamisha ndiyo iliyonifanya nikujibu. Kampeni ya uzinduzi ni kazi nzuri na sikuondolei fahari yake, lakini msomaji wa kamati hukutana na kampeni za namna hiyo katika maombi mengi ya watu wa masoko, na akiisoma yako hawezi kujua ni lipi lilikuwa uamuzi wako na lipi lilifanywa na wakala mliyemlipa. Video kutazamwa mara milioni mbili hakumwambii ni sabuni kiasi gani iliuzwa, wala ni nini kingetokea kama fedha zile zingetumika kwingine. Kinyume chake, mtu wa masoko anayesimamisha ofa inayouza, tena mbele ya watu wa mauzo ambao malipo yao yanategemea mauzo hayo, ni lazima aliona jambo ambalo wengine hawakuliona, akalipima, akalitetea, kisha akasubiri matokeo akiwa na hofu. Hayo yote ndiyo kamati inayoyatafuta, nawe umeyaandika katika sentensi moja na kuomba radhi juu yake. Tafadhali rudi hapa utusimulie kilichotokea.

Sasa maswali yako. Je, watu wa masoko huonwa kuwa wepesi? Neno hilo ni kali, lakini kuna ukweli ndani yake ambao ni heri uujue mapema. Anayetoka benki ya uwekezaji au kampuni ya ushauri wa kibiashara huja na uthibitisho wa uwezo wa hesabu uliobebwa na kazi yenyewe, kwani msomaji anajua alichokuwa akikifanya usiku kucha. Sisi wa masoko hatuchukuliwi kuwa hatuwezi, ila tunatakiwa kuonyesha. Muhula wa kwanza wa MBA karibu kila mahali una takwimu, uhasibu na fedha, na hofu kubwa ya kamati kuhusu mwombaji kama wewe ni kwamba atakwama pale. Ndiyo maana nasema tatizo lako halimo katika GPA ya 3.0 kwa jumla wake. Limo katika ukweli kwamba C ya takwimu, C ya uhasibu na 76 ya hesabu zote zinanyoosha kidole mahali pamoja. Kama C hizo zingekuwa za falsafa na historia, ningekuandikia aya fupi kuliko hii.

Kuhusu mtihani, tuufanyie hesabu. Katika GMAT ya sasa, iliyoanza kufanywa Novemba 2023, jumla huanzia 205 hadi 805, na sehemu zote tatu zina uzito sawa, kila moja ikipimwa kati ya 60 na 90. Maana yake ni kwamba nyongeza ya alama moja katika sehemu yoyote ni kama alama sita au saba za jumla. Ukiitoa hesabu kutoka 76 hadi 80, na data kutoka 79 hadi 81, bila kugusa lugha, unafika kwenye 645, ambayo kwa wasomaji wengi wa maombi ni sawa na ile 700 ya mizani ya zamani. Hizo ni alama sita tu za sehemu, na ni safari ambayo mtu anayefanya kazi mchana anaweza kuimaliza kwa wiki kumi au kumi na mbili. Data yako isikutishe, kwa kuwa watahiniwa wengi hupata kidogo zaidi katika sehemu hiyo kuliko katika hesabu, kwa hiyo 79 ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Hesabu ndiyo ya kushughulikia: haina kikokotoo, jiometria imeondolewa, na kilichobaki ni aljebra, uwiano, asilimia, namba na takwimu za msingi, mambo ambayo hupona kwa mazoezi ya kila siku.

Halafu kuna dawa ya zile C, ambayo ni kusoma upya. Usiandike maelezo marefu ya kujitetea. Chukua kozi ya takwimu na ya uhasibu yenye mtihani na cheti cha matokeo, upate A, kisha uiambatanishe. Wengi hutumia programu ya CORe ya Harvard Business School Online, ambayo ina uchambuzi wa data za biashara, uchumi kwa mameneja na uhasibu wa fedha, lakini kozi ya chuo kikuu chochote kinachoheshimika inatosha. Ukishafanya hivyo, sentensi mbili katika sehemu ya maelezo ya ziada zinatosha kueleza kazi ya jioni na ada.

Jambo la mwisho ni lengo lako. Ukisema unatoka kwenye masoko kwenda kwenye masoko, msomaji ataona kwamba unaweza kufika huko ukiwa umekaa ulipo, na atajiuliza MBA inaingia wapi. Jiulize kwa dhati: unachokitaka ni cheo cha masoko, au ni kusimamia bidhaa nzima pamoja na faida na hasara yake, kuanzia gharama ya kiwandani hadi bei ya rafuni? Kama ni hilo la pili, na nahisi ni hilo, basi fedha, uendeshaji na uhasibu vinakuwa na sababu ya kuwepo katika maisha yako, na ombi lako linasimama kwa miguu yake.

Mzani anajibu:

Nakubaliana na Nanga kuhusu ofa, lakini nadhani ameliacha suala la uchaguzi wa vyuo, na hapo ndipo waombaji wengi wazuri hupoteza mwaka.

Tuanze na Kellogg. Umesema unaitaka kwa sababu ya jina lake katika masoko, na jina hilo ni la haki, kwani Philip Kotler, mwandishi maarufu wa vitabu vya masoko, alianza kufundisha pale mwaka 1962 na somo lenyewe limejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wa chuo kile. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kila meneja wa chapa anayetaka MBA hutuma maombi yake huko. Utapimwa kando ya watu wenye kazi kama yako, baadhi yao kutoka kampuni ambazo jina lao linajulikana dunia nzima. Katika chuo ambacho darasa limejaa watu wa fedha na ushauri, wewe ni sauti adimu, na kamati inayojenga darasa hulitambua hilo. Sisemi uiache Kellogg. Nasema usiifanye nguzo ya mpango wako kwa sababu tu wewe ni mtu wa masoko, na ukiiomba, eleza kitu cha huko ambacho hukipati kwingine.

INSEAD inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Programu yake ni ya miezi kumi, na wanafunzi huingia Januari au Agosti. Wanaoingia Januari hupata nafasi katikati ya mwaka ya kufanya kazi ya majaribio, wanaoingia Agosti hawana nafasi hiyo. Kwa mtu anayetaka kutoka kwenye matangazo kwenda kwenye usimamizi wa biashara nzima, miezi miwili ya kuonyesha kazi kwa mwajiri mpya inaweza kuwa na thamani kuliko kozi tatu, kwa hiyo kama unaomba huko, omba kuingia Januari. London Business School hukuruhusu kumaliza kwa miezi 15, 18 au 21, na kwa hali yako ningeichagua iwe ya kwanza katika orodha. Vilevile umri wako si kikwazo katika vyuo hivi viwili, maana miaka 29 ni umri wa kawaida kabisa darasani kule, ilhali katika vyuo vya Marekani utakuwa upande wa wakubwa kidogo, na watakuuliza kwa nini sasa.

Harvard iombe kama moyo unakutuma, ila ujue hesabu zake. Darasa lina watu 930 hivi, na anayekubaliwa ni mmoja au zaidi kidogo katika kila waombaji kumi. Stanford, ambayo hukuitaja, darasa lake halifiki nusu ya hilo na hukubali chini ya mmoja katika kumi. Ukiwa na 605 ungekuwa unaomba muujiza. Ukiwa na 655 na ile habari ya ofa ikisimuliwa vizuri, ungekuwa unaomba kitu kigumu lakini cha halali.

Sababu yangu ya kukusihi urudie mtihani ni nyingine pia: fedha. Harvard na Stanford hutoa ufadhili kwa kuangalia mahitaji ya mwanafunzi, lakini vyuo vingine vingi hutoa pia ufadhili kwa kuangalia nguvu ya ombi, na alama za mtihani zina sauti kubwa pale. Tofauti ya alama arobaini inaweza isibadilishe jibu la kukubaliwa, lakini ikabadilisha barua ya ufadhili inayofuata. Sheria za kurudia si mbaya: siku 16 kati ya mtihani mmoja na mwingine, mara tano ndani ya miezi 12, na alama unaziona kwanza ndipo uamue kuzituma au kutozituma. Matokeo hudumu miaka mitano.

Mahali ninapotofautiana na Nanga ni ratiba. Kozi mbili, mtihani, insha na kazi ya mchana ndani ya miezi mitano ni mzigo mkubwa, na nimeona watu wakifanya vyote nusunusu. Kama ukifika mwezi wa nne kati ya hiyo mitano bado uko kwenye 615, usilazimishe awamu ya kwanza. Awamu ya pili, mwanzoni mwa Januari, hupokea watu wengi tu. Awamu ya tatu ndiyo ya kuikimbia, kwa sababu viti vingi na fedha nyingi vinakuwa vimekwishagawiwa.

Mwanasoko anarudi:

Nawashukuru sana nyote wawili. Nimeisoma sehemu ya lengo mara nne, na Nanga umenigusa penyewe: ninachokitaka ni kusimamia bidhaa nzima. Nilikuwa nikiandika mkurugenzi wa masoko kwa sababu ndicho cheo ninachokiona juu yangu kila siku.

Habari ya ofa ni hii. Kila robo ya mwaka tulikuwa na wiki nne za kununua mbili na kupewa ya tatu bure, na kila robo mauzo yalipanda sana, tukapongezana. Siku moja nilipanga mauzo ya wiki zote 52 katika jedwali moja, badala ya kuangalia wiki za ofa peke yake, nikaona kwamba wiki saba au nane baada ya kila ofa mauzo yalishuka chini ya kawaida. Nilipokwenda kwa wauzaji wa jumla watatu nikakuta maghala yamejaa katoni za wakati wa ofa, zikiuzwa kwa bei ya kawaida. Tulikuwa tukiwapa bure sabuni ambayo wangeinunua.

Nilipendekeza tusimamishe ofa katika kanda mbili kwa robo mbili, na kanda nyingine mbili zinazofanana nazo ziendelee kama zamani ili tulinganishe. Robo ya kwanza mauzo yalianguka kwa asilimia 14 katika kanda nilizosimamisha, na meneja wa mauzo aliandika barua kwa mkurugenzi akitaka ofa irudi mara moja. Niliomba robo moja zaidi. Katika kanda ya kwanza mauzo yalirudi karibu na yalipokuwa, tena bila kutoa katoni za bure, kwa hiyo faida ilipanda. Katika kanda ya pili mshindani alileta ofa yake mwenyewe wakati sisi tumenyamaza, akachukua maduka ambayo hadi leo hatujayarudisha. Sikulitarajia hilo. Mwishowe ofa ilirudishwa katika kanda hiyo, na ikaondolewa katika zile nyingine tatu.

Sasa mnaelewa kwa nini sikuiweka mbele. Nusu yake ni kosa langu.

Wino anajibu:

Mdogo wangu, nimekaa upande wa pili wa meza hii kwa miaka kadhaa nikiwasaili waombaji kwa niaba ya chuo nilichosoma, na nimeona nikuandikie kuhusu hiyo nusu unayoiita kosa, kwa kuwa unakaribia kuitupa.

Simulizi lako bila kanda ya pili lingekuwa zuri na la kawaida: nimeona tatizo, nimelitatua, faida imepanda. Kanda ya pili ndiyo inayomfanya msomaji aache kupitisha macho na aanze kusoma, kwa sababu inaonyesha mtu aliyekuwa sahihi kuhusu wateja wake na akakosea kuhusu mshindani wake, kisha akakubali ofa irudi pale ilipohitajika badala ya kung'ang'ania heshima yake. Katika insha, ipe nafasi kubwa kuliko utakayotaka kuipa. Eleza siku uliyojua kwamba maduka yamekwenda, nani alikuambia, na ulifanya nini asubuhi iliyofuata. Usimalizie kwa kusema ulijifunza umuhimu wa kuwachunguza washindani. Sema tu unachokifanya sasa kabla ya kugusa bei, na msomaji ataona mwenyewe.

Katika CV yako hebu tuione mistari miwili. Bila shaka sasa hivi una kitu kama hiki: *Nilisimamia ofa za bei na mahusiano na timu ya mauzo katika kanda nne.* Mstari huo unaweza kuwa wa mtu yeyote. Jaribu huu: *Nilibaini kuwa ofa ya kila robo mwaka ilikuwa ikiwahisha manunuzi badala ya kuyaongeza, niliisimamisha katika kanda mbili kwa robo mbili, nikalinganisha na kanda mbili zilizoendelea nayo, kampuni ikaiondoa katika kanda tatu kati ya nne.* Ni mrefu zaidi, nami kwa kawaida napenda mistari mifupi, lakini kila neno lake linafanya kazi, na anayeogopa ile C ya takwimu atakutana hapa na mtu anayejua maana ya kundi la kulinganisha. Milioni mbili za video ziache zikae mstari wa chini yake.

Sasa barua za mapendekezo, ambazo hakuna aliyezigusa. Vyuo vingi vya Marekani hutumia maswali yaleyale kwa wapendekezaji: mwombaji anasimama wapi akilinganishwa na wengine wenye uwezo katika nafasi kama yake, na ni ushauri gani mzito wa kurekebisha uliowahi kumpa, katika mazingira yapi, na aliupokeaje. Swali hilo la pili ndilo linaloziangusha barua nyingi. Bosi mwenye upendo huandika kwamba mwombaji anafanya kazi kupita kiasi, na barua inakufa hapo hapo. Mkurugenzi wako wa masoko ni mpendekezaji wa kwanza bila mjadala, maana ndiye aliyetia saini. Kwa wa pili, kama chuo kinahitaji wawili, ningekuomba umfikirie yule meneja wa mauzo aliyeandika barua ya kukupinga.

Najua linavyosikika. Lakini fikiria uzito wa barua ya mtu anayesema: nilimpinga kwa maandishi, nilikuwa na sababu zangu, katika kanda moja nilikuwa sahihi, katika nyingine yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na hivi ndivyo alivyonijibu tulipokuwa tunatofautiana. Anaweza kujibu swali la ushauri mzito kwa tukio la kweli na tarehe zake. Isitoshe, unaomba kwenda kusimamia biashara nzima, na shahidi kutoka nje ya idara ya masoko ndiye anayeweza kuthibitisha kwamba unaonekana hivyo na watu wasio wa idara yako. Sharti ni moja: uwe na hakika kwamba anakuheshimu. Kama bado ana kinyongo, mwache.

Kuhusu usaili, Harvard hukuita kwa dakika 30 na anayekusaili amekwishasoma ombi lako lote, kwa hiyo ataingia moja kwa moja kwenye kanda ya pili. INSEAD utaonana na wahitimu wawili, mmoja mmoja, na kabla ya hapo utajibu maswali kwa video. Jizoeze kuisimulia habari hii kwa dakika mbili bila kutaja faida hadi nusu ya pili, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakikimbilia matokeo na kuacha uamuzi nyuma.

Nafasi zako, kwa kipimo changu na kwa vyuo ulivyovitaja: leo, kwa 605 na C mbili zisizojibiwa, London na INSEAD ni chini ya wastani, Kellogg ni ngumu, na Harvard karibu haipo. Ukiwa na 645 au zaidi, A ya takwimu, na lengo jipya, London na INSEAD zinakuwa za kutarajiwa kwa haki, na Kellogg inakuwa ya kujaribu bila aibu. Ongeza pia chuo kimoja au viwili ambavyo ungekwenda kwa furaha hata visivyo na jina kubwa kama hayo, maana orodha yako yote iko juu ya mlima.

Mwanasoko anarudi:

Nimejiandikisha kozi ya takwimu inayoanza wiki ijayo, na mtihani nimeupangia wiki ya kumi na moja kuanzia leo. Uhasibu utafuata baada ya mtihani, kama Mzani alivyonitahadharisha, na kama alama hazitapanda nitangoja Januari.

Jana nilikwenda kwa meneja wa mauzo. Nilimweleza ninachokiomba na kwa nini ninamwomba yeye. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema ataiandika, lakini anataka kwanza nimpe lile jedwali la wiki 52, la kanda zote nne, pamoja na ile iliyokwenda vibaya. Nimemtumia leo asubuhi.